Kulala kama Pia

Waingereza husema kwamba mtu aliyeshikwa na usingizi mzito amelala kama pia. Msemo huu una ajabu, maana pia ni kitu cha kuzunguka, si cha kulala. Ndipo baadhi ya wafasili wa maneno walipodai kuwa neno hilo limepotolewa kutoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya fuko, mnyama akaaye gizani chini ya ardhi.

Dai hilo halisimami. Mfano huo umo katika tamthilia ya John Fletcher na William Shakespeare, The Two Noble Kinsmen, iliyopigwa chapa mwaka 1634. Na Waingereza husema pia "imelala" pale izungukapo kwa kasi, imesimama wima, hata jicho likaiona imetulia tuli. Wafaransa nao hulala kama sabot, neno ambalo, mbali na kuwa kiatu cha mti, ni jina la pia ichapwayo kwa mjeledi. Fuko hayumo.

Maagano yao ya usiku, yamtakayo mtu alale kwa kukaza, husimuliwa kuwa yametokana na vitanda vya kamba. Msomaji wa pwani aliyepata kukaza kitanda kilicholegea ataipenda hadithi hiyo. Lakini katika maandishi maagano hayo yanaanza kuonekana karne ya 19, na "kukaza" hapo ni kusema barabara, kabisa.

Mfasiri basi asituandikie pia, sembuse fuko. Tunaye pono, samaki ambaye baadhi ya aina zake hujifunika usiku kwa utando wa ute, zikalala humo.