Ushindi 300 Hauandikwi kwa Mkono Mmoja

Kwa zaidi ya karne moja, wapenzi wa besiboli nchini Marekani wamehesabu ushindi 300 kuwa kilele cha mrushaji mpira. Pud Galvin alikuwa wa kwanza kukifikia, mwaka 1888, na mpaka leo waliofika ni 24 tu. Anayewatangulia wote ni Cy Young, aliyeshinda michezo 511 kati ya 1890 na 1911 akiwa na timu za Cleveland, St. Louis na Boston. Rekodi hizi zinastahili heshima. Hata hivyo, tukizisoma kama kipimo cha ubora wa mtu mmoja zinatupotosha, kwa sababu kila ushindi hubeba mambo matatu: mkono wa mrushaji, nguvu ya timu yake na desturi za zama zake.

Tuanze na timu. Kwa kanuni ya leo, mrushaji aliyeanza mchezo huandikiwa ushindi endapo amemaliza angalau awamu 5 kati ya 9, ametoka timu yake ikiwa mbele, na wenzake wakabaki mbele hadi mwisho. Wenzake wasipopata pointi, umahiri wake haumpi kitu. Walter Johnson alicheza Washington Senators pekee, kuanzia 1907 hadi 1927, na timu hiyo ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi. Alishinda mara 417, lakini alipoteza pia michezo 26 kwa pointi 1-0. Mwaka 1987 Nolan Ryan wa Houston Astros aliongoza Ligi ya Taifa kwa kuruhusu wastani mdogo kabisa wa pointi, 2.76 kwa awamu 9, akaongoza pia kwa kuwatoa wapigaji 270. Alimaliza msimu na ushindi 8 na vipigo 16.

Atakayepinga atamtaja Steve Carlton. Mwaka 1972 Philadelphia Phillies walishinda michezo 59 tu, na 27 kati ya hiyo ilikuwa yake, kwa wastani wa pointi 1.97. Je, si ushahidi kwamba mrushaji hodari hushinda hata akiwa na timu mbovu? Jibu limo katika desturi ya wakati ule. Carlton alianza michezo 41, na 30 kati ya hiyo aliimaliza mwenyewe bila kupokewa. Jacob deGrom wa New York Mets alikuwa na wastani bora zaidi mwaka 2018, 1.70, lakini alianza michezo 32 na kumaliza mmoja tu. Ushindi wake ukawa 10. Siku hizi makocha huwapumzisha warushaji mapema na kukabidhi mchezo kwa wengine. Anayetoka mapema huyaacha matokeo mikononi mwa wenzake. Young aliyemaliza michezo 749 hakuishi katika mazingira hayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba bahati nzuri na mbaya husawazishana katika miaka 20 ya kazi, hivyo jumla husema kweli. Bahati ya mchezo mmoja inaweza kusawazishwa, lakini kufungiwa mlango si bahati. Satchel Paige aling'ara tangu miaka ya 1920 katika ligi za Wamarekani weusi, kwa kuwa ligi kuu za wazungu hazikumpokea mtu wa rangi yake. Cleveland ilimsajili mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 42, na ushindi wake huko na katika timu zilizofuata ulifika 28 tu. Ni Desemba 2020 ambapo ligi hizo za weusi zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu. Ubaguzi wa miongo hiyo hausawazishwi na hesabu yoyote.

Wa mwisho kufikia 300 ni Randy Johnson, Juni 2009, akiwa na San Francisco Giants. Tuzitunze rekodi hizi kama historia ya ustahimilivu, lakini ubora tuupime kwa yale aliyoyatenda mrushaji mwenyewe. Wapiga kura wa besiboli wamekwisha kulikubali hilo: mwaka 2018 tuzo yenye jina la Cy Young, mwenye ushindi mwingi kuliko wote, walimpa deGrom aliyeshinda mara 10.