Ngazi ya Basi

Tunapolitaja neno utamaduni, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana ubishi. Lakini utamaduni wa taifa ni pia namna watu wake wanavyoishi pamoja katika siku za kazi: wanavyopanga foleni, wanavyopishana njiani, wanavyomngoja aendaye polepole. Katika miji yetu ni nadra kupata mahali panapoyaonyesha mambo hayo waziwazi kuliko kituo cha basi. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya mabasi ya abiria katika jiji la Dar es Salaam, yakiitazama kutoka chini ya ngazi ya basi, aliposimama abiria asiyeweza kuinua mguu.

Lugha yetu ilimtambua abiria huyo zamani. Majina ya kale, kama kiwete, kipofu na kiziwi, yamebeba kiambishi cha vitu, na wako wanaoona kwamba hiyo ni dalili ya dharau. Hata hivyo Mswahili hasemi "kipofu kimekuja". Husema "kipofu amekuja". Jina limevaa vazi la vitu, lakini kitenzi kinamrudisha mwenyewe katika ngeli ya watu. Baadaye likaenea neno "walemavu", na siku hizi twasema "watu wenye ulemavu", ili utu utangulie na ulemavu ufuate nyuma. Wahenga nao walikwisha kutuonya kwamba hujafa hujaumbika. Kwa hiyo katika sarufi na katika methali mtu huyo anacho kiti chake. Linalotupasa kuuliza ni kama katika basi pia alipewa kiti.

Kampuni ya mabasi iliyojulikana kwa herufi DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, ilianzishwa mwaka 1949, katika enzi ya ukoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, njia kuu za uchumi zilipowekwa mikononi mwa umma, zamu ya mabasi nayo ilifika: mwaka 1970 Serikali ikaichukua kampuni hiyo, na mwaka 1974 kazi zake zikagawanywa. Safari za mikoani zikapewa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, na safari za mjini zikapewa Usafiri Dar es Salaam, ambayo kila mkazi wa jiji aliijua kwa jina la UDA.

Mabasi ya siku hizo, kama mengi yaliyoyafuata, yalikuwa na sakafu ya juu, kwa kuwa injini na ekseli zilikaa chini yake. Abiria alipanda ngazi mbili au tatu ndipo afike ndani. Mwenye miguu mizima hakuziona ngazi hizo, kwani mtu haoni asichokwazwa nacho. Kwa mwenye mkongojo, ngazi ya kwanza ilikuwa ukuta. Hata hivyo utaratibu wa UDA ulikuwa na jambo moja la kumfaa: dereva na kondakta walilipwa mshahara. Wakimngoja mtu apande, muda ulipotea, lakini chakula cha watoto wao hakikupungua.

Utaratibu huo haukudumu katika nguvu zake. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni vililidhoofisha shirika. Mabasi yaliharibika, vipuri havikupatikana, na watu wa mji waliendelea kuongezeka. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yachukue abiria mjini. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala" katika mazungumzo ya mtaani. Makondakta wakanadi "dala, dala!", na jina la daladala likazaliwa.

Msomaji ataona jambo la ajabu akiipanga miaka hiyo pamoja. Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu uliotangazwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1982 Bunge letu lilitunga sheria mbili juu ya watu wenye ulemavu, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Mwaka 1984 haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu, na miongoni mwake ni haki ya raia kwenda kokote katika Jamhuri ya Muungano. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1983, likaja daladala. Raia akapewa kwa maandishi haki ya kwenda kokote, na wakati huo huo gari la kumpeleka likawa gumu zaidi kulipanda.

Ugumu huo haukuletwa na roho mbaya za watu. Daladala huendeshwa kwa "hesabu". Dereva hupewa gari asubuhi, na jioni humkabidhi tajiri kiasi kilichokubaliwa. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yake na ya kondakta. Kwa hesabu hiyo kila dakika ina bei yake. Abiria anayehitaji dakika moja ya kupanda na nyingine ya kushuka anaonekana kama hasara, hata kama nauli yake ni kamili. Kiti cha magurudumu kikiingizwa ndani kinachukua nafasi za abiria wengine, na mwenyewe aghalabu hudaiwa nauli ya pili au huachwa. Wanafunzi wanaosoma makala haya wanaijua hesabu hiyo vizuri, kwani nao huachwa kituoni kwa sababu nauli yao ni pungufu. Mwanafunzi na mwenye mkongojo huachwa na kalamu ile ile.

Haki inatutaka tuyataje na mema ya daladala. Mtu asiyeona hupata msaada katika sauti ya kondakta anayeinadi njia tangu gari halijasimama. Mtu asiyesikia huisoma njia katika maandishi na rangi zilizopakwa ubavuni mwa gari. Na upole haukukosekana: mara nyingi nimewaona abiria wakiinuka bila kuambiwa wampishe mzee au mama mjamzito.

Mimi mwenyewe nilipatwa na ugonjwa wa kupooza utotoni, na mguu wangu wa kushoto haukukua pamoja na mwenziwe. Mwaka 1986 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari jijini, na nilikuwa na makosa mawili mbele ya makondakta: sare ya shule na mkongojo wa kwapani. Asubuhi moja ya mvua, siku ya mtihani, magari manne yalinipita. La tano likasimama. Kondakta, kijana mwenye nguvu, akanishika makwapani, akaninyanyua kama kiroba cha unga na kuniketisha karibu na dereva. Abiria wakamwombea baraka, nami nikamshukuru kwa moyo wote. Gari likaondoka. Tulipofika kituo cha pili nikanyosha mkono kuutafuta mkongojo, sikuupata. Nilikuwa nimepandishwa mimi, mkongojo umebaki kituoni.

Abiria walipiga kelele gari lirudi. Dereva akajibu, bila ukali, kwamba hesabu ya tajiri hairudi nyuma. Siku ile niliingia katika chumba cha mtihani nikiwa nimening'inia mabegani mwa wenzangu wawili. Jioni nikarudi kituoni kwa namna hiyo hiyo, nikamkuta mama muuza vitumbua ameketi na mkongojo wangu mapajani, ingawa vitumbua vyake vilikwisha tangu saa nne.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utarudi. Nani anauacha mguu wake njiani?"

Nimelifikiri neno la mama yule kwa miaka mingi. Kondakta alikuwa mtu mwema. Alisimama pale ambapo wanne hawakusimama. Lakini alinitendea kama mzigo unaohurumiwa. Aliona mwili wa kubebwa, hakumwona msafiri mwenye safari yake, aliye na mtihani mbele yake na mkongojo wake ubavuni. Huruma ikikosa utaratibu hufanya hivyo: humbeba mtu na kumwacha na nusu yake. Tena huruma ina siku zake. Leo ipo na kesho haipo, na mtu hawezi kujenga maisha, kusoma au kufanya kazi juu ya kitu ambacho hajui kama kitakuwapo saa kumi na mbili asubuhi.

Ndiyo sababu nchi nyingi zilianza kulitafuta jibu katika haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wahusika wake si watu wachache wa kuhesabiwa kwa vidole. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani.

Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo watu waliyaita mwendokasi, yalianza kazi katika njia ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Vituo vyake vilijengwa kwa jukwaa lililoinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi. Siku yangu ya kwanza kuyapanda, mlango ulifunguka nami nikaingia. Sikuinua mguu, wala sikumwomba mtu, wala sikumshukuru mtu. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia katika basi kama mtu aingiavyo nyumbani kwake. Nikatambua kwamba ngazi iliyonisumbua tangu utoto haikuwa amri ya maumbile. Ilikuwa uamuzi wa watu, na watu wengine walikuwa wameamua vingine.

Hata hivyo kazi haijaisha. Jukwaa halimsaidii mtu ambaye njia ya kulifikia imejaa mitaro na mchanga, wala sakafu iliyo sawa haimlindi na msukumano wa saa za jioni, ambapo mwenye nguvu huingia kwanza na mwenye mkongojo hukanyagwa. Tena sehemu kubwa ya jiji, na miji yetu mingine, ingali inahudumiwa na daladala, na hesabu ya tajiri ingali inadai. Chuma na saruji vimefanya sehemu yao. Iliyobaki ni ya sheria inayosimamiwa na ya tabia zetu sisi abiria.

Ndugu mwalimu, siku moja wapeleke wanafunzi wako kituoni. Waipime ngazi ya basi kwa rula, wahesabu sekunde ambazo gari husimama, kisha wajiulize ni nani katika mtaa wao hajaonekana pale kwa siku nyingi, na kwa nini. Hapo wataijua historia ambayo haijaandikwa, nao watakuwa wameanza kuiandika. Magari yetu yamezoea kuandikwa "kawia ufike". Ni methali nzuri, lakini haina maana ikiwa gari halikawii hata kidogo kwa ajili ya anayetaka kufika. Utu wa taifa utajulikana siku kila msafiri atakapopanda kwa zamu yake, kwa nauli yake, pamoja na mkongojo wake.