Nyumba Iliyochukuliwa Mabegani: Maisha ya Nyumbani ya Wamisionari katika Njia ya Tabora

Katika kufundisha habari za misioni za bara, twazoea kuanza na majina ya watu na miaka ya vituo: nani alifika lini, alijenga wapi, alikufa mwaka gani. Habari hizo ni za lazima. Lakini mwanafunzi mwenye akili huuliza mambo mengine: Watu hao walikaaje? Walilala wapi, walikula nini, na mtoto wao alilelewaje hali wazazi wako safarini? Maswali haya si ya upuzi. Mwenye kuyafuata ataona upesi ya kuwa katika nchi ya Tabora, kabla ya kuja kwa reli, kukaa nyumbani na kusafiri hayakuwa mambo mawili yaliyotengana. Nyumba ya mmisionari ilikuwa mizigo, na mizigo hiyo ilikuwa mabegani mwa watu. Nataka kulionyesha jambo hili kwa mifano michache, kisha niseme latupasa nini sisi tulio walimu.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Ilianza pwani, Bagamoyo au Saadani, ikapanda hata Mpwapwa, ikapita Ugogo, ambako watemi walidai hongo ya nguo kwa kila msafara, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika kavu yenye maji haba. Ng'ambo ya nyika hiyo ndiko Unyanyembe, na mji wake Tabora, ambao wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliuandika kwa jina la Kaze. Burton na Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na wafanya biashara Waarabu waliokuwa wakikaa katika tembe zao. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, na nyingine kaskazini hata Karagwe na Buganda. Toka pwani hata Ujiji ni zaidi ya maili 800 kwa mguu. Nguo, shanga na waya vilipanda kwa njia hiyo. Pembe za ndovu zikashuka, na pamoja nazo watumwa.

Wageni walidhani kwamba wataweza kuipita njia hii kwa desturi zao wenyewe. Mwezi wa Julai 1877 watu wa London Missionary Society waliondoka pwani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama walivyozoea wenzao wa kusini ya Afrika. Mbung'o wakawauma ng'ombe, ng'ombe wakafa, na magari yakaachwa. Waliosalia walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878, mizigo yao ikichukuliwa na watu. Mkubwa wao, J. B. Thomson, alikufa hapo mwezi uliofuata. Tangu hapo ikajulikana ya kuwa hapana njia ya kuishi bara ila kwa mpagazi.

Yafaa tulitazame neno hili. Mpagazi latokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani. Watu wa pwani waliweka mzigo kichwani, bali Mnyamwezi aliuweka begani, na mzigo wa desturi ulikuwa frasila mbili hivi, karibu na kilo 32. Wanyamwezi hawakufundishwa kazi hii na wageni. Walikuwa wakienda pwani na kurudi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika kwao, na walikuwa na taratibu zao. Mbele alikwenda kirongozi, na hapana aliyeruhusiwa kumtangulia. Nyuma yake walifuata wapagazi, nao waligawanyika katika makundi madogo ya chungu kimoja. Waliokula pamoja walijenga kibanda pamoja, na aliyeugua alitunzwa na wenzake wa chungu. Wengine walifuatana na wake zao, nao wanawake walichukua vyungu na vyakula, na watoto wachanga mgongoni. Jioni, saa chache baada ya kufika kambini, palikuwa na boma la miiba, moto, maji, na uji umekwisha kupikwa. Basi, kabla mmisionari hajajiuliza namna ya kuwa na nyumba safarini, Mnyamwezi alikwisha kulijibu swali hilo kwa matendo. Mgeni aliingia tu katika ufundi wa watu wengine.

Mfano wa kwanza uko Kwihara, karibu na Tabora. David Livingstone alikaa hapo tangu Februari hata Agosti 1872, katika tembe aliyokaa pamoja na Stanley, na Stanley alipoondoka mwezi wa Machi kwenda pwani, alibaki akingoja wapagazi atakaoletewa. Mkewe Mary alikuwa amekufa zamani, mwaka 1862, huko Shupanga penye mto Zambezi. Je, mzee huyu mgonjwa alikuwa na nyumba? Alikuwa nayo, kwa sababu alikuwako Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Halima ndiye aliyeweka utaratibu wa chakula, Ujiji na Kwihara na katika safari ya mwisho. Livingstone, ambaye mara nyingi alilalamika juu ya watu wake, alimsifu Halima katika kitabu chake cha kila siku, akaandika ya kuwa atampa uhuru, na atamnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika huko. Livingstone hakufika. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ya Chifu Chitambo, na watu wake wakauchukua mwili wake mpaka pwani. Walipopita Unyanyembe, mwezi wa Oktoba, Cameron alitaka kuwashawishi wauzike hapo, wakakataa, wakaendelea.

Tazama maneno yale: uhuru, nyumba, bustani. Mwanamke aliyeutunza mji wa mtu mwingine njiani, mwenyewe hakuwa na mji. Watoto wetu wawajua Chuma na Susi, na ni vema. Lakini ni wachache wawezao kulitaja jina la Halima, ingawa pasipo kazi yake isingalikuwako hata meza ya kuandikia habari.

Mfano wa pili ni wa mume na mke. Edward Coode Hore alikuwa baharia, naye alikuwa mmoja wa wale waliotoka pwani mwaka 1877. Alirudi Uingereza, na mwaka 1881 akamwoa Annie Boyle. Kisha akarudi bara, akipeleka mashua ya chuma iitwayo Morning Star, iliyofunguliwa vipande vipande na kukokotwa na watu toka pwani hata Ujiji, akafika mwaka 1883. Mwishoni mwa mwaka 1884 ilikuwa zamu ya mkewe, pamoja na mtoto wao Jack, ambaye alikuwa bado mdogo sana. Bibi Hore alisafiri katika kiti cha magurudumu, cha namna ile wanayomsukumia mgonjwa huko kwao; lakini njia ya futi moja, yenye visiki na mawe, haikukubali magurudumu, hivyo mara nyingi watu walikichukua kiti begani kwa kupokezana. Mwanzo wa mwaka 1885, baada ya miezi mitatu hivi ya safari, walifika Ujiji. Mwaka uliofuata kitabu chake kilipigwa chapa London, nacho chaitwa To Lake Tanganyika in a Bath Chair.

Jina la kitabu hicho lamfanya msomaji acheke kidogo, kana kwamba ni habari ya mchezo. Lakini tufikiri kwa utulivu. Mtoto mdogo apita Ugogo na Mgunda Mkali na Unyamwezi. Yampasa apate maji yaliyochemshwa, kivuli saa sita, chakula laini, na kitanda kisicho na siafu. Kila kimoja katika hivyo ni mzigo, na kila mzigo una mtu wake. Tena safari yenyewe haikungoja. Msafara uliokawia Mgunda Mkali ulikosa maji, na uliokawia Ugogo ulimaliza posho yake. Kwa hiyo mama hakuweza kusema, "Leo mtoto ana homa, na tupumzike," pasipo kuwahesabu watu wote wanaotaka kula. Mambo ya nyumbani yalikuwa shauri la msafara mzima. Miezi ile ile, tarehe 2 Desemba 1884, Mirambo wa Urambo alifariki. Amani ya njia za magharibi ilikuwa imesimama kwa nguvu zake, na kila aliyesafiri na mtoto alikuwa na sababu ya kuuliza kesho njia itakuwaje.

Walikaa katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa. Huko mama na mwana walikuwa na nyumba iliyosimama juu ya ardhi, lakini baba alikuwa mtu wa mashua, akienda huko na huko ziwani. Hivyo hata walipokwisha kufika, safari haikutoka nyumbani mwao. Ilibadilika tu, ikawa ya maji. Mwaka 1888 waliondoka, na mwaka 1889 Jack akafa Uingereza. Hakufikilia hata umri wa miaka kumi, na sehemu kubwa ya siku zake alikaa njiani au kisiwani. Wazazi wake walilipa gharama hiyo, nasi hatuna haki ya kuidharau.

Lakini hapa ndipo penye neno nilitakalo kulisema. Gharama ya Bwana na Bibi Hore tunayo katika vitabu. Wale waliokichukua kiti je? Nao walikuwa na wake na watoto, na mashamba ya mtama yaliyotaka kulimwa. Mpagazi aliyekwenda pwani na kurudi alikosekana kwake miezi mingi, na mkewe, ikiwa hakufuatana naye, aliulinda mji peke yake. Wengine walikuwa watu huru waliotafuta nguo na majembe. Wengine walikuwa watumwa, na ujira wao, au sehemu yake, uliingia mkononi mwa bwana zao. Mmisionari aliyechukia utumwa kwa moyo wote alilazimika kutumia njia ile ile na nguo zile zile za biashara. Jambo hili halivunji kazi yake, lakini mwalimu asemaye kweli hawezi kuliruka. Ili mtoto mmoja apate kulala salama, watoto wengine waliwakosa baba zao. Hesabu hiyo haijaandikwa popote ila kwa upande mmoja.

Yafaa tuseme pia habari za waliokaa, maana si wote waliokuwa wapitaji. Huko Urambo London Missionary Society ilikuwa na kituo tangu mwaka 1879, alipofika Daktari Ebenezer Southon, ambaye alikufa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 kituo hicho kiliingia mikononi mwa Wamoravian. Katika hao alikuwamo Edmund Dahl, naye wapenda lugha wanamjua. Aligundua ya kuwa katika Kinyamwezi, herufi mbili za namna moja zikifuatana katika neno, ile ya kwanza hulegea. Na mwaka 1903 Meinhof aliiita kanuni hiyo kwa jina lake. Kamusi yake ya Kinyamwezi ilitoka Hamburg mwaka 1915. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa kupita tu. Hutaka miaka ya kukaa, na kusikiliza maneno ya mlangoni na jikoni na shambani. Hata hivyo, karatasi na wino na vitabu vya mtaalamu vilifika Unyamwezi mabegani, kwa maana reli haikufika Tabora hata mwaka 1912, wala Kigoma hata mwaka 1914.

Reli ilipokuja, mambo yaligeuka upesi. Safari ya miezi ikawa ya siku, na mke wa mmisionari aliweza kuletewa sanduku toka pwani pasipo kuwalisha watu mia. Wakati huo ndipo nyumbani na safarini yalipotengana, na watu wakaanza kusahau ya kuwa zamani yalikuwa jambo moja. Leo tembe iliyojengwa tena Kwihara ni makumbusho, na miembe yaonekana bado mahali pengi kandokando ya njia ile. Mwaka 2006 Tanzania iliandikisha kwa UNESCO, katika orodha ya mahali panapopendekezwa, njia hii ya kati ya watumwa na pembe pamoja na vituo vyake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Basi, ndugu walimu, kazi iliyo mbele yetu si kubwa, lakini haiwezi kungoja. Wapagazi wenyewe wamekwisha kufa wote. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu, nao katika nyumba nyingi za Unyamwezi hukumbuka jina la babu aliyekwenda pwani, majina ya kambi alizolala, na maneno ya kazi yaliyotoka njiani. Wapelekeni wanafunzi kwa wazee hao na daftari. Waulize nani alibaki nyumbani babu alipoondoka, nani alilima, mtoto alipewa jina gani akizaliwa baba yuko safarini, na aliporudi alileta nini. Wayaandike maneno ya Kinyamwezi jinsi yanavyotamkwa, wala wasiyageuze yawe Kiswahili. Kisha, tunapofundisha habari za Bwana na Bibi Hore, tuwe na kitu cha kuweka katika upande wa pili wa ile hesabu.