Ringo Starr chini ya Pete Drake

Wapo wanaodai hadi leo kwamba Beaucoups of Blues, albamu ya kantri aliyoitoa Ringo Starr Septemba 1970, ilikuwa pumbazo la mpiga dramu aliyebaki bila kazi baada ya Beatles kuvunjika. Wanasahau kwamba mwaka 1965, Beatles wakiwa kileleni, Ringo huyohuyo aliimba Act Naturally ya Buck Owens.

Tena kantri haijawahi kuwa ya kundi moja. Banjo iliyotoka kwa Waafrika watumwa, Ray Charles na kantri yake ya 1962, hayo yanajulikana. Kufikia 1950 santuri za mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers zilishafika hata kwa Wakipsigis wa Kenya, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey akarekodi wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Kwa hiyo sioni mantiki ya kudai kantri ina wenyewe, wengine wakae nje.

Nashville, mji wa kantri, ilidai hivyo. Machi 1968 The Byrds, bendi ya roki, walipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri mjini humo, na baadhi ya watu ukumbini wakawazomea. Walikuja kwa heshima, nywele zimepunguzwa, wakaimba nyimbo za kantri. Sijaona utetezi wowote wa kuzomea kule unaoingia akilini.

Ringo aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1970 Pete Drake, mpiga gitaa wa Nashville, alikwenda London kupiga katika All Things Must Pass ya George Harrison. Gitaa lake ni lile linalolazwa, nyuzi zinatelezeshewa kipande cha chuma huku miguu ikikanyaga pedali, na sauti inavutika kama ya mtu anayelia. Katika gari la Ringo, Drake akaona kanda za kantri. Mazungumzo yakaanzia hapo, na Juni Ringo akawa Nashville.

Yaliyotokea studio, Drake akisimamia, ndiyo ninayoyathamini. Nyimbo alipewa na watunzi wa hukohuko. Mtambo wa kurekodia uliongozwa na Scotty Moore, dramu zikapigwa na D.J. Fontana, wote wawili watu wa Elvis Presley wa siku za mwanzo. Kundi la waimbaji la The Jordanaires likaitikia. Mpiga dramu maarufu kuliko wote duniani akamwachia mwingine vijiti, akasimama kwenye maikrofoni na kuimba nyimbo hizo. Albamu nzima ikaisha kwa siku chache.

Kwetu Ngulyati, Usukumani, jambo hili la kukaa chini ya mwingine halihitaji kuelezwa sana. Kabla ya kuongoza mbina, ngoma za mashindano za baada ya mavuno, awe wa kundi la Bagika au la Bagalu, manju, yaani kiongozi wa ngoma, hukaa kwanza chini ya mwalimu. Hakuna anayemwita mwanafunzi huyo mzururaji.

Marekani albamu ilifika namba 65 tu, na Ringo akarudi kwenye roki. Miaka ya katikati naiacha. Januari 2025, akiwa na miaka 84, alitoa Look Up, albamu nyingine ya kantri, chini ya prodyuza T Bone Burnett. Mwezi uliofuata Opry ikampokea jukwaani kwa mara ya kwanza.