Kilwa ndani ya santuri ya Jorge Ben

Wengi wanaoijua África Brasil wanaijua kwa miguu. Ni santuri ya 1976, nyimbo 11, ambamo Jorge Ben wa Rio de Janeiro aliweka kando gitaa kavu lililompa jina tangu 1963, akashika la umeme, akachanganya samba na funk na roki mpaka hujui ipi imeishia wapi. Wimbo wa kwanza ni wa mshambuliaji wa Kiafrika. Mwingine unamsifu Zico, namba 10 wa Flamengo. Na "Taj Mahal"? Ukiusikia utadhani Rod Stewart, kumbe Stewart ndiye aliyekuja nyuma, 1978, na mzozo wa hakimiliki ukafuata.

Ila mie nataka tukae kwenye wimbo wa mwisho, "África Brasil (Zumbi)". Mwanzoni yanatajwa majina ya Kiafrika, moja baada ya jingine: Angola, Kongo, Benguela... halafu, Quiloa. Quiloa ni Kilwa. Ndivyo Wareno, walioivamia 1505, walivyoiandika. Kilwa yetu hii, ndani ya muziki wa dansi wa Brazil!

Imefikaje huko? Katika miaka ya 1820 mchoraji Mjerumani, Johann Moritz Rugendas, alizunguka Brazil akichora nyuso za watumwa. Mchoro wake mmoja umeandikwa Cabinda, Quiloa, Rebolo, Mina. Orodha ya wimbo inafanana nao mno.

Hayo hayakuwa makabila. Mara nyingi yalikuwa majina ya bandari au eneo ambako mtu aliuzwa. Aliyeitwa Quiloa angeweza kuwa Myao aliyetembezwa wiki kadhaa kutoka bara, pengine hajawahi kukaa Kilwa ila kungojea jahazi. Jina la kwao likapotea, likabaki la soko. Na Waafrika wengi wa pwani ya mashariki waliofikishwa Brazil waliandikwa "Moçambique" tu, basi, yamekwisha.

Jorge Ben, ambaye mama yake alikuwa na asili ya Ethiopia, aliurekodi wimbo huu mara mbili. Mara ya kwanza ni 1974, katika A Tábua de Esmeralda: mpole, gitaa kavu, nyuzi zikielea nyuma. Unaweza kuusikiliza ukinywa chai usigundue kuwa umesimama kwenye mnada, mashamba ya miwa pembeni, watu wanauzwa. Miaka miwili baadaye ni wimbo uleule, lakini gitaa linakwaruza na mwimbaji anapiga kelele. Mwenyewe naona huu wa pili ndio wa kweli, ingawa wa kwanza ni mzuri zaidi.

Anayengojewa katika wimbo ni Zumbi, kiongozi wa Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka katika vilima vya Alagoas. Aliuawa tarehe 20 Novemba 1695 na kichwa chake kikatundikwa Recife ili watu waamini amekufa kweli. Mwaka 1976 Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi, waliopenda kusema kwamba nchini mwao hakuna ubaguzi wa rangi. Vijana weusi wa Porto Alegre walikuwa wameanza kuiadhimisha tarehe hiyo tangu 1971. Ikawa sikukuu ya taifa zima 2024 tu.

Sikilizeni matoleo yote mawili, la 1974 kwanza. La pili wekeni sauti juu.