Rangi za Ndege za Vita: Ukweli wa Historia na Hiari ya Mwenye Mali

Vita Vikuu vya Pili viliacha nyuma yake vitu vingi, lakini ndege zilizopigana katika vita hivyo hazikusalia nyingi. Spitfire ya Waingereza ilijengwa kwa idadi iliyozidi 20,000, na zilizo nzima leo, zenye kuweza kupaa, huhesabiwa kwa makumi. Nyingi ziliangushwa, nyingi zaidi zilikatwakatwa baada ya amani na kuyeyushwa. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaomba akina mama watoe masufuria yao ya alumini ili zijengwe ndege; vita vilipokwisha ndege zenyewe ndizo zilizotiwa motoni, na yamkini baadhi yake zilirudi jikoni. Spitfire yenye namba P7350, iliyopigana katika anga la Uingereza mwaka ule wa 1940, iliuzwa 1948 kama chuma chakavu kwa pauni 25 tu. Iliponea chupuchupu, na viraka vya matundu ya risasi iliyopigwa vingali vikionekana katika bawa lake la kushoto.

Mtu anayefufua ndege ya namna hii hubanwa na sheria pande zote isipokuwa upande mmoja. Injini lazima ikaguliwe, misumari ya bati ihesabiwe, nyaya na mafuta viwe vya kipimo kilichokubaliwa, maana ndege mbovu huua. Rangi haiui mtu. Ndiyo sehemu pekee ya kazi ambayo mkaguzi huitazama kwa nusu jicho, na ambayo mwenye mali hubaki naye peke yake na hiari yake. Lakini rangi hiyo hiyo ndiyo kitu cha kwanza aonacho mtazamaji aliye chini, na aghalabu ndicho kitu pekee atakachokumbuka. Asiyejua injini wala mabawa atasema kuwa ameiona ndege ya fulani, wa kikosi fulani, iliyopigana mahali fulani. Kwa hiyo rangi hutoa ushahidi, apende asipende aliyeipaka.

Hapo zamani hiari ilitawala bila kuulizwa. Mwaka 1961 marubani wa Texas, Marekani, waliunda chama cha kuhifadhi ndege za vita, kilichojulikana wakati ule kwa jina la Confederate Air Force na tangu 2002 kwa jina la Commemorative Air Force. Ndege zao za mwanzo walizipaka rangi nyeupe, wakazipamba kwa mistari myekundu, ya manjano na ya buluu. Hapana kikosi kilichopigana kikiwa na mavazi hayo. Si haki, hata hivyo, kuwacheka. Katika siku zile serikali yenyewe ilikuwa ikizivunja ndege hizo, na mtu aliyetoa fedha zake mfukoni kununua moja aliiona kuwa chombo chake kilicho hai, kama mwenye farasi anavyochagua tandiko. Lau asingekuwapo mtu wa hiari yake, leo asingekuwapo wa kubishana juu ya ukweli. Miaka ilipopita chama kile kile kilizirudishia ndege zake rangi za vita moja baada ya moja.

Hiari ya leo haiji waziwazi namna hiyo. Huja imejivika joho la ukweli. Mfano wake mzuri ni ndege ya Kimarekani iitwayo Mustang. Kuanzia 1944 Wamarekani walianza kuacha kuzipaka ndege zao rangi za kujificha, ili kupunguza uzito na kazi ya viwandani, na Mustang nyingi zikaenda vitani na weupe wa alumini tupu. Mwenye mali wa siku hizi husikia neno "alumini tupu", akachukua kitambaa na dawa, akasugua kutwa kucha mpaka mtu aweze kunyoa ndevu kwa kujitazama ubavuni mwa ndege. Mambo hayakuwa hivyo. Bawa la Mustang lilibuniwa ili hewa iteleze juu yake bila kusumbuka; kwa ajili hiyo viungo vya bati lake vilijazwa lipu kiwandani, vikasuguliwa kwa msasa, kisha sehemu kubwa ya bawa ikapakwa rangi ya fedha iliyofifia. Bawa lenye kumeta kama kioo ni zuri sana kutazama, ila halikuonekana mwaka 1944.

Vivyo hivyo na ile milia ya Juni 1944. Siku chache kabla ya majeshi kushuka pwani ya Normandy, amri ilitolewa kwamba ndege za Washirika zipakwe milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kuzunguka mabawa na kiwiliwili, ili askari na mabaharia wasiwapige wenzao. Katika ndege za injini moja kila mlia ulikuwa na upana wa inchi 18. Siri ilitunzwa mpaka dakika za mwisho, na mafundi wakaifanya kazi hiyo kwa haraka, kwa brashi, kila mtu na mkono wake. Picha za siku zile zaonyesha milia iliyopinda, yenye kingo zilizochuruzika na weupe usiofunika vizuri rangi iliyo chini. Mfufuaji wa leo hubandika utepe, akapulizia rangi, akapata mlia ulionyoka kama uzi wa fundi mwashi. Vipimo vyake ni sahihi kabisa, lakini wasiwasi wa usiku ule umepotea, nao ulikuwa sehemu ya habari.

Walakini wale washikao ukweli nao hawana njia iliyonyoka. Katika Juni 1940 ndege za kivita za Uingereza, ambazo kwa chini zilikuwa nusu nyeupe na nusu nyeusi, ziliamriwa kupakwa rangi moja mpya iliyoitwa Sky, yaani kijani kilichofifia chenye manjano kidogo. Amri ilifika; rangi yenyewe haikutosha. Baadhi ya vikosi vilichanganya vilivyokuwa navyo, na kwa majuma kadhaa ya vita vikali anga lilijaa ndege zenye matumbo ya buluu, ya kijani na ya kijivu, za namna namna. Mfufuaji anayefungua orodha ya rangi za serikali na kupaka Sky kamili huenda akawa ameitii ofisi ya mwaka 1940 na kuihalifu ndege iliyo mbele yake.

Tena macho hudanganywa. Picha nyingi za vita ni nyeusi na nyeupe, na filamu za siku zile hazikuziona rangi zote kwa usawa: katika baadhi yake manjano hutokea jeusi, na mabishano ya miaka mingi yameanzia hapo. Kipande cha bati cha kale nacho si shahidi mwepesi, kwani jua hukausha rangi, mafuta huitia umanjano, na chumvi ya bahari huila. Kwa miaka mingi Zero, ndege ya Wajapani iliyoshambulia Pearl Harbor mwaka 1941, ilipakwa kijivu cheupe katika makumbusho. Vipande vilivyosalia vilipochunguzwa kwa uangalifu vilionyesha kijivu kilichoelekea kijani na hudhurungi. Hapo wataalamu wakagawanyika, wengine wakisema hiyo ndiyo rangi ya asili, wengine wakisema ni uzee wa rangi. Njia inayoaminika zaidi ni kusugua taratibu kwa msasa, tabaka baada ya tabaka, mpaka rangi zote ilizopata kuvaa ndege zitokee duara ndani ya duara, mfano wa kisiki cha mti. Lakini msasa ukishafika kwenye bati swali huwa limekua badala ya kupungua: ni duara lipi ndilo ndege? Ile ya siku iliyotoka kiwandani, au ya siku iliyopigana, au ya siku iliyotekwa na adui?

Swali hilo lilipata jibu la kuchekesha kidogo kutokana na sinema. Mwaka 1968 wapigaji picha wa filamu ya "Battle of Britain" walikusanya Spitfire, Hurricane na ndege za Kihispania zenye umbo la Messerschmitt, wakazipaka rangi na herufi zilizofaa kamera. Wenye elimu ya mambo haya walizihesabu kasoro zake mmoja mmoja. Imepita zaidi ya nusu karne, na katika miaka ya karibuni baadhi ya ndege zile za Kihispania zimerudishiwa kwa makusudi rangi za sinema, na watu wamekubali, maana hazikupigana mwaka 1940, lakini mwaka 1968 kweli zilikuwapo. Uongo wa jana umepata miaka ya kutosha kuitwa historia.

Liko jambo jingine lisilochekesha. Ndege za Wajerumani zilivaa swastika mkiani. Sheria ya jinai ya Ujerumani hukataza alama hiyo kuonyeshwa hadharani, ila huruhusu kwa ajili ya elimu, sanaa na historia. Na watengenezaji wengi, wakitaka salama, huiacha au huionyesha nusu nusu. Hapa anayedai ukweli mtupu hana budi kuulizwa ukweli huo anautaka kwa ajili ya nani. Kuifuta alama ni kuzisafisha ndege zile, kana kwamba zilirushwa na watu wasio na bwana; kuichora na kuirusha juu ya umati uliokuja na watoto na vyakula vya mandari ni jambo la namna nyingine. Ndani ya makumbusho, penye maandishi na mwalimu, alama hiyo yapasa kuwapo. Uwanjani penye shangwe hoja hupungua nguvu.

Wako waliokwepa ugomvi wote kwa kutopaka kitu. Ndege ya kutupa mabomu aina ya Halifax, namba W1048, ilipigwa Aprili 1942 ilipokuwa ikiishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz, ikatua juu ya barafu ya ziwa moja la Norway na kuzama. Ilitolewa majini 1973, na katika makumbusho ya Hendon, London, ilionyeshwa kama ilivyotoka, imekunjamana na kuliwa na kutu. Hakuna mkono uliosema kwa niaba yake. Lakini dawa hiyo haifai kwa ndege inayoruka. Bati lisilopakwa huliwa, na ndege isiyotunzwa huanguka.

Katika zile zinazoruka, hakuna iliyobeba mzigo wa jambo hili kuliko Lancaster PA474. Ilijengwa katika 1945 kwa ajili ya vita vya Japani, lakini vita vikaisha kabla haijaitwa. Haikutupa bomu hata moja juu ya adui. Tangu ilipoingia katika kikosi cha kumbukumbu cha Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1973 imevaa, kwa zamu, rangi na herufi za ndege nyingine: ya Nettleton aliyeongoza shambulio la Augsburg mwaka 1942, ya Gibson aliyevunja mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, mwaka 2007 ikavaa za ile iliyoitwa "Phantom of the Ruhr", ubavu mmoja ukiwa na herufi za kikosi kimoja na ubavu wa pili za kingine, mwaka 2017 za kikosi cha Waaustralia.

Kwa kipimo cha ukweli mkavu huu ni uongo wa miaka mingi. Lakini watu wa jeshi la kutupa mabomu waliokufa ni 55,573, na Lancaster walizorushia nyingi hazina hata kipande kilichosalia. Asiyekuwapo na lake halipo. Ndege moja iliyo hai inapoazima jina la iliyopotea, wazee wa kikosi kile na watoto wao hupata mahali pa kusimama na kutazama juu. Hoja hiyo ni nzito kuliko hiari ya tajiri anayependa rangi inayong'aa, wala haifai kuwekwa naye fungu moja. Na bado ina deni lake: rangi za Gibson hukumbusha ushujaa wa marubani, nazo haziwezi kuwasema watu zaidi ya 1,000 waliokufa katika mafuriko ya mabwawa yale, wakiwamo mamia ya wafanya kazi wa kulazimishwa kutoka Ulaya ya Mashariki.

Na PA474 yenyewe, je? Baada ya vita ilivuliwa vibanda vyake vya bunduki, ikapakwa rangi ya fedha, ikapewa Kikosi cha 82, ambacho kambi yake ilikuwa Eastleigh, Nairobi. Kwa miaka kadhaa, mpaka 1952, ilipita juu ya nchi za Afrika ya Mashariki na Kusini ikipiga picha za kutengenezea ramani: mito, vijiji, misitu na njia za miguu. Hiyo ndiyo kazi iliyoifanya kwa jina lake, bila kuazima la mtu. Mwaka 1964 rangi ya fedha ilifunikwa kwa kijani na hudhurungi ya vita. Baadaye kikapatikana kibanda cha bunduki huko Argentina, kikafungwa mgongoni mwake ili ifanane na ndege ambayo haikuwa. Tangu hapo imepakwa upya mara nyingi, kila mara kwa heshima ya mtu au kikosi. Ile rangi ya fedha haijachaguliwa hata mara moja.