Kuisimamisha Mashine Ijieleze

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lililegezwa taratibu, lakini kwa wengi mashine iliendelea kuwa kisanduku cha wenyewe: ikigoma, unamsubiri fundi.

Iringa, mji wa Gangilonga, jiwe ambalo Wahehe husema linaongea, uliingia katika habari hii mwaka 2007. Chuo kishiriki cha Tumaini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Matti Tedre na wenzake walioiandaa hawakutaka mtaala wa kunakili; walitaka unaolingana na mazingira ya Tanzania. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kisanduku kilipoanza kufunguliwa.

Chombo cha kukifungulia kilikuwapo tangu 1986, Richard Stallman alipotoa GDB, dibaga inayokuonyesha programu mstari kwa mstari, jinsi mwandishi alivyouandika. Ukiiambia isimame mstari wa 212, inaondoa baiti moja ya amri ya mstari huo na kuweka CC mahali pake. Prosesa ya Intel ikifika hapo inasimama, nawe unauliza: hii `jumla` ina thamani gani sasa? Dibaga inayajua vizuri majina kama hilo iwapo tu kompaila ilipewa chaguo la `-g`. Bila hilo, mara nyingi utaona namba tupu.

Kwa programu ya hesabu, mambo ni mepesi. Kasheshe ni GNOME Shell, iliyotoka 2011, ambayo ndiyo hupanga na kuonyesha madirisha yote kwenye skrini. Ukiisimamisha, skrini nzima inaganda, pamoja na dirisha lenyewe unaloandikia amri za dibaga. Kipanya hakifungui kitu, na kuandika `continue` ili iendelee huwezi tena. Umekata tawi ulilokalia!

Kwa hiyo mafundi huingia kutoka kompyuta ya pili kwa SSH, yaani kupitia mtandao, wakaisimamisha GNOME Shell kwa mbali na kuichungulia bila haraka. Kama huna ya pili, bonyeza Ctrl, Alt na F3 na uanzishie dibaga huko kwenye skrini ya maandishi. Fanya hivyo kabla ya kuisimamisha, si baada.